Nairobi au Kampala?

Mtu akisimama katika stendi ya mabasi ya Singida alfajiri, wakati upepo wetu bado una makali na wauza mayai ya kuchemsha ndio kwanza wanafunua ndoo zao, atawasikia wapiga debe wakiitaja karibu nchi yote. Huyu anaita Arusha kwa njia ya Katesh na Babati. Yule anaita Mwanza kwa njia ya Nzega. Wengine wanaita Dodoma na Dar es Salaam kwa njia ya Manyoni. Sisi wenyeji hatushangai, maana tumezaliwa njia panda. Lakini mwaka 2023 njia panda hiyo iliingia ndani ya nyumba yangu, ikakaa mezani pamoja na chakula kwa miezi mitano.

Mume wangu ni mwalimu wa Kiswahili. Mwaka 2022 serikali ya Uganda ilipokubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe mashuleni, walimu wengi wa Tanzania walianza kutazama upande huo. Naye aliandika barua, akajibiwa na shule moja ya Kampala. Kabla hatujamaliza kushangilia, ikaja barua nyingine kutoka Nairobi, ya kazi ya kutafsiri vitabu. Mishahara haikupishana sana. Miji ndiyo iliyopishana.

Nilitamani jambo hili liwe lake peke yake, aamue nami nifunge mizigo. Mama zetu ndivyo walivyofanya. Nilipokuwa nikisoma habari za Lutu alipoinua macho akachagua bonde la Yordani kwa sababu lilikuwa na maji mengi, nilijiuliza kama mke wake aliulizwa. Biblia haisemi. Lakini mume wangu alisema, "Mama watoto, mimi nitakuwa kazini kutwa. Wewe ndiye utakayeishi katika mji huo. Twende tukauone." Nilimshukuru, na papo hapo nikaogopa, maana mwenye kuchagua ndiye atakayelaumiwa.

Tena nilikuwa na sababu ya kuogopa. Tuna watoto watatu, na yule wa mwisho, binti wa miaka saba, ana selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita siko seli. Akina mama wenye watoto wa namna hii wananielewa. Mama huyu hapimi mji kwa maghorofa yake. Anauliza: kuna baridi kiasi gani, kuna mbu kiasi gani, na hospitali iko umbali gani usiku wa manane?

Likizo ya Juni tulipanda basi la Arusha, sisi wawili pamoja na huyo mdogo. Wakubwa tuliwaacha kwa bibi yao Iramba. Mlima Hanang ulikuwa umevaa wingu kama mama aliyejifunga kilemba, na baada ya Babati tukawa tunateremka na kupanda mpaka Arusha, safari ya zaidi ya kilometa 300. Tukalala. Kesho yake Namanga.

Wazee wetu wanaikumbuka Namanga ikiwa imefungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977 mpaka ule ulifungwa hadi mwaka 1983. Siku hizi maofisa wa nchi zote mbili hukaa katika jengo moja, ukatoka kwa Mtanzania ukaingia kwa Mkenya kwa hatua chache. Lakini msidanganyike na wepesi huo. Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010 haikufuta kibali cha kazi. Kutembea ni jambo moja, kuhamia ni jingine. Watoto wawe na pasi zao, na vyeti vya kuzaliwa viwe mkononi, si "vinashughulikiwa".

Nairobi tuliiingia jioni. Mji huo ulianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, na mpaka leo una haraka ya watu wanaowahi treni. Kondakta wa matatu aliniita "mathe", nikadhani ananitukana, kumbe ndiyo "mama" yao. Muziki ndani ya gari ulikuwa mkubwa hata binti yangu akaziba masikio huku akicheka. Ila jambo moja lilinituliza: kila mahali nilisema Kiswahili nikajibiwa. Kilikuwa Kiswahili chenye haraka, kimekatwakatwa, lakini bei ya sukuma wiki niliielewa. Jumapili tulisali katika ibada ya Kiswahili, tenzi ni zile zile, maneno yamepishana hapa na pale, mwenzako anapomaliza mstari wewe bado unatafuta silabi.

Nyumba tulizoonyeshwa zilikuwa ghorofani, vyumba viwili, jiko la kugeukia mtu mmoja. Maji hutoka kwa siku, siku nyingine hununuliwa kwa madumu kutoka kwa vijana wa mikokoteni. Shilingi moja ya Kenya ilikuwa kama 17 au 18 za kwetu, kwa hiyo kila nilipoambiwa bei nilizidisha kichwani, nikanyamaza.

Usiku wa pili binti yangu aliamka analia. Mikono ilikuwa inamuuma. Wale wanaoiona Nairobi katika picha hawajui baridi ya Juni na Julai, wingu linakaa juu ya mji siku kutwa na jua halionekani. Singida kuna baridi ya upepo, lakini saa nne jua limeshatoka limekupasha. Kule halitoki. Nilimfunika kwa vitenge vyangu vyote na koti la baba yake, nikampa maji ya uvuguvugu na dawa yake ya maumivu, nikamkanda mpaka alfajiri. Maumivu yalipungua asubuhi. Moyoni nilikuwa nimeshaamua: mji huu, hapana.

Septemba, shule zilipofunga tena, tulielekea upande wa pili. Safari hii ni ndefu, ni ya siku mbili. Unateremka mlima Sekenke, mahali Wajerumani walipochimba dhahabu iliyotumika kutengeneza sarafu kule Tabora mwaka 1916, unavuka Wembere, Igunga, Nzega, Kahama, Biharamulo, ndipo unaanza kuona migomba ya Kagera na mtu kutoka nchi kavu kama mimi anaanza kutamani kuacha kila kitu alime. Kwenye daraja la Kyaka mume wangu alinigusa bega. Ndilo daraja lililobomolewa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978.

Baba mkwe wangu alikwenda Kampala mara moja tu maishani mwake, mwaka 1979, akiwa na bunduki. Hakupenda kusimulia. Alichosema kila mara ni kwamba Waganda waliwapa ndizi na maji, na kwamba mvua ya kule hainyeshi kwa adabu.

Mutukula tulionyesha vyeti vya chanjo ya homa ya manjano, tukapita. Tulivuka Ikweta pale Kayabwe, abiria wa kigeni wakateremka kupiga picha, sisi tukanunua mahindi ya kuchoma.

Sasa niseme ukweli: niliipenda Kampala. Vilima vyake ni vya kijani, udongo mwekundu, na hewa ina joto la kadiri. Kondakta wa teksi, maana matatu kule huitwa teksi, aliniita "nyabo" kwa heshima kama naongea na mtoto wa shemasi. Wanawake wanapiga magoti kusalimu. Salamu yenyewe ni ndefu, wanauliza habari za nyumbani na za kazi, wanashukuru, wanashukuru tena. Mtu wa Singida, ambaye kwao pia salamu haiwi fupi, anajisikia yuko kwa ndugu. Matoke kwa mchuzi wa karanga nilikula mpaka nikaona haya. Mume wangu alinipeleka Makerere, chuo kilichoanza mwaka 1922, akasimama penye majengo ya zamani akasema Mwalimu Nyerere alisoma hapa kuanzia mwaka 1943 kuwa mwalimu. Macho yake yalikuwa yanang'aa. Nikajua barua ipi anaipenda.

Mama mwenye nyumba tuliyokwenda kuitazama alikuwa mzee, amevaa gomesi yake vizuri. Nilipomsalimu kwa Kiswahili uso wake ulibadilika. Binti yake alinieleza pembeni, kwa Kiingereza, kwamba mama alikisikia Kiswahili zaidi kwenye vizuizi vya barabarani, kikipigwa kelele na askari, enzi za Amin. Nilitamani kuondoka. Ndipo mume wangu akasema baba yake alikuja mwaka 1979 na jeshi la Tanzania. Binti akatafsiri. Yule mama alinyamaza, akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na sahani ya njugu. Akauliza kama mzee yu hai. Tukasema alilala mwaka 2011. Akanishika mkono muda mrefu. Hatukuelewana neno hata moja baada ya hapo, wala sikuona haja.

Siku tatu binti yangu alicheza kwenye ua huo bila maumivu hata kidogo. Hospitali ya Mulago ina kliniki ya wagonjwa wa selimundu, na ugonjwa huu Waganda wanaujua sana. Uchunguzi wa watoto wachanga uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba watoto kama 13 katika kila 100 walirithi chembe yake kutoka kwa mzazi mmoja. Kule sikuhitaji kumweleza mtu selimundu ni nini. Nilirudi Singida nikiimba.

Ila usiku wa mwisho nilikuwa nimewasha taa kumfunika mtoto, nikaona mbu ndani ya neti. Niliwaua wanne. Sikumwambia mume wangu.

Nilimwambia daktari wa mtoto wetu hapa Singida. Nilimpelekea hadithi zote mbili, maumivu ya Nairobi na raha ya Kampala, nikingoja anipongeze. Yeye akauliza, "Mama, ni kipi unaweza kukizuia wewe mwenyewe?" Akanieleza taratibu. Baridi humwamshia maumivu, ndiyo, nayo ni mateso, lakini baridi inazuiwa kwa soksi, sweta, maji ya kutosha na chai ya moto. Malaria kwa mtoto wa selimundu inaweza kumaliza damu kwa siku chache. Nairobi iko juu, karibu meta 1,700, na malaria huko ni ya nadra, hasa ya wasafiri. Kampala iko chini zaidi, karibu na ziwa, na mbu wake hawana likizo. Hakuniambia niende wapi. Alisema kliniki nzuri ipo kote kote, na dawa ya kinga ataendelea nayo popote. "Lakini wewe umeniambia habari za mbu wanne kwa sauti ya chini," akasema. "Kwa nini?"

Nilirudi nyumbani kwa miguu, njia ya ziwa Singidani, heroe wakiwa wamesimama majini kwa mguu mmoja. Nilikasirika. Nilikuwa nimeomba Mungu anionyeshe mji, naye akanionyesha mji nilioupenda, kisha mbu wanne. Nilitaka kuuamini usiku mmoja wa maumivu na siku tatu za mchezo. Moyo wa mama una njia zake za kuhesabu, nao huhesabu vibaya.

Jioni nilimwambia mume wangu. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Basi vitabu nitavitafsiri." Aliiandikia shule ya Kampala barua ya shukrani kwa mkono, kurasa mbili, akaichana, akaandika tena. Hayo niliyaona, nikajifanya nachambua mchele. Mpaka leo akisikia habari za Makerere redioni huongeza sauti.

Mambo mengine tuliyamaliza upesi. Mwaka wa shule wa Kenya huanza Januari kama wetu, hivyo watoto hawakupoteza muhula. Kiingereza kiliwapa shida, maana walizoea kufundishwa kwa Kiswahili, na yule wa kati alirudishwa darasa moja nyuma, akalia siku mbili. Bima yetu ya afya haivuki mpaka, ikabidi tukate nyingine. Mashine yangu ndogo ya kukamua alizeti nilimwachia wifi yangu, tunagawana faida, na kila nikipiga simu huniambia mashudu yameuzwa lakini hanitajii bei.

Mama mkwe ndiye niliyemwogopa zaidi. Alikuwa amesikia Kampala ikisifiwa miezi miwili, naye kwake Kampala ni mji ambao mumewe aliutaja mpaka kufa kwake. Nilimpigia magoti, kama nilivyojifunza kule, nikamweleza habari ya mbu na ya baridi. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mkamwana," akasema, "huko Nairobi kondoo wapo?"

Nikasema wapo, lakini si wa sisi kufuga ghorofani.

Siku ya kuondoka, Januari 2024, alikuja stendi kabla ya adhana ya alfajiri. Alileta gunia la vitunguu, na juu yake kitu kilichokunjwa. Alikuwa amechukua koti la jeshi la marehemu baba mkwe, zito, la kijani lililofifia, akampa fundi, likapunguzwa mikono na kufupishwa mpaka limtoshe mtoto wa miaka saba. Alimvisha mwenyewe, akafunga vifungo vyote mpaka kidevuni. Wapiga debe walikuwa wakiita Arusha, Arusha, na binti yangu akapanda basi akitoa jasho.