Hoteli Kubwa na Mkahawa wa Chepilat

Mjini Kericho ipo Tea Hotel, iliyojengwa na kampuni ya Brooke Bond katika miaka ya 1950. Zamani nilipata kula humo: vitambaa vyeupe, uma na kisu, na kila mtu na meza yake. Siku hizi kazi hunipeleka Chepilat, soko lililo mpakani mwa Wakipsigis na Wakisii, ambako maduka yaliteketezwa katika machafuko ya mwaka 2008. Juzi nilikaribishwa huko katika mkahawa wa mabati. Tukala ugali wa wimbi kwa maziwa ya mursik, Wakipsigis na Wakisii benchi moja. Aliyetulipia sote ni mzee wa Kikisii ambaye duka lake lilichomwa. Wasomaji, je, hoteli kubwa ni ipi?