Kupatanisha Nuru na Kivuli

Jicho la mtu ni msuluhishi hodari. Ukisimama adhuhuri ndani ya nyumba ya mawe, ukauelekea mlango ulio wazi, waona ukuta mweupe wa uani, na punde waona kidaka kilicho katika pembe yenye kiza. Hushangai, maana umelizoea jambo hilo tangu utoto. Mboni hupungua na kutanuka, jicho huhama toka mahali hata mahali, na akili hukusanya habari zote ikazifanya taarifa moja. Kamera haina fadhila hiyo. Hupewa muda mmoja wa kupokea nuru, na katika muda huo haina budi kuchagua. Ikiridhisha kiza, mlango huwa weupe mtupu. Ikiridhisha mlango, kidaka hupotea katika weusi. Jua la adhuhuri laweza kufikia luksi 100,000, ilhali pembe ya chumba cha namna hiyo aghalabu haipati hata 100.

Mashaka haya ni ya zamani. Katika miaka ya 1850 Gustave Le Gray, mpiga picha wa Ufaransa, alitaka mawingu na mawimbi yaonekane pamoja. Dawa za vioo vya wakati ule zilipokea rangi ya buluu upesi mno, kwa hiyo mbingu ilitoka tupu kila bahari ilipotoka vema. Katika picha zake kadhaa alitumia kioo kimoja kwa mbingu na kingine kwa bahari, akaviunganisha penye upeo wa macho. Mwaka 1997 Paul Debevec na Jitendra Malik, wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza njia ya hesabu. Picha kadhaa za mahali pamoja, zilizopigwa kwa muda mbalimbali, hulinganishwa hata ikajulikana kadiri ya nuru iliyotoka katika kila nukta. Matokeo yake ni picha ya masafa mapana ya nuru.

Nilitaka kuijaribu njia hiyo mahali panapoistahili, nikauchagua Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Sehemu yake ya kaskazini, iliyo kongwe zaidi, haina paa tena. Sehemu ya kusini, iliyoongezwa katika karne ya 14, ina nguzo, matao na kuba. Basi mtu akiwa chini ya kuba hutazama kiza na jua kwa mara moja. Niliiweka kamera juu ya tegemeo la miguu mitatu, nikalifunga tundu la lenzi lisibadilike, nikapiga picha tano: sekunde 1/1000, 1/250, 1/60, 1/15 na 1/4. Picha ya mwisho ilipokea nuru takriban mara 250 kuliko ya kwanza. Katika ya kwanza niliona mawe ya nje, hata nyufa zake. Katika ya tano niliona chokaa ya ndani ya kuba, na nje hapakuwa na kitu. Mbuzi aliyepita wakati wa picha ya tatu alibaki katika muungano kama mzuka, mwili wake ukipenywa na ukuta.

Kuunganisha ni nusu ya kazi. Karatasi na kioo cha kompyuta haviwezi kuonyesha masafa yote yaliyokusanywa, kwa hiyo hapana budi nuru ipunguzwe na kupatanishwa hata ienee. Ziko njia mbili. Ya kwanza hutumia kanuni moja kwa picha nzima: kilichokuwa cheusi zaidi hubaki cheusi zaidi. Ya pili huhukumu kila mahali kwa jirani zake, hukiinua kivuli hapa na kuushusha mwanga pale. Hufichua mengi, lakini kizuri hakikosi ila. Ikizidishwa, utando mweupe huzizunguka nguzo, na pembe ya ndani yaweza kung'aa kuliko ua wenye jua. Nilitengeneza picha tatu: ya kanuni moja, ya upatanisho wa kiasi, na ya upatanisho uliozidishwa.

Wanafunzi wengi niliowaonyesha waliipenda ya tatu. Mzee mmoja wa kisiwani aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, mawe ni yale yale, lakini humo ndani hamjapata kuwa na mwanga huo. Sisi tukiingia husimama kwanza, macho yazoee." Akaichukua ya pili akasema, "Hapa mtu amekwisha kuzoea."

Maneno hayo yalinipa kipimo ambacho programu haikuwa nacho. Nayo yahusu kazi yetu ya lugha pia. Sisi tusomao miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu twajua kwamba nakala moja haitoshi. Hii ina mwanzo safi na mwisho ulioliwa na mchwa. Ile ina mwisho, lakini mnakili wake aliruka beti. Mhariri huzilinganisha, akatoa matini moja ambayo hakuna nakala iliyo nayo yote. Kazi hiyo ni halali. Lakini akianza kulainisha kila neno, akageuza kila "mato" ya Kiamu kuwa "macho", huenda akavunja kina, na kwa yakini aufuta mji wa mshairi. Shairi litasomeka kwa wepesi, wala halitakuwa la mtu yeyote.

Kwa hiyo sikubali neno la wasemao kwamba kila picha iliyounganishwa ni uongo, maana picha moja nayo huficha nusu ya msikiti. Wala sikubali neno la wasemao kwamba kila kinachopendeza kimeruhusiwa. Wengi wa wanafunzi wangu hawatavuka kwenda Kilwa. Watakayoyajua ya msikiti ule ni haya nitakayowaonyesha. Darasani nimetundika picha ya pili, na chini yake zile tano za asili, kila moja na muda wake umeandikwa. Atakaye kunihukumu anao ushahidi mbele yake. Mhariri wa utenzi naye afanye vivyo hivyo: atoe matini yake, na chini yake aweke tofauti za nakala zote, hata zile zinazompinga.