Mgeni Aliyechaguliwa na Wenyeji

Baba yangu ana hoteli ndogo ya chai mjini Bunda, kando ya barabara iendayo Musoma. Yeye ni mzaliwa wa Kigoma. Alifika Bunda akiwa kijana, akaanza biashara kwa meza mbili tu. Mwaka 2024 aligombea uenyekiti wa mtaa wetu. Siku moja ya likizo, nilipokuwa nikimsaidia kazi, nilimsikia mteja akisema huku akila chapati zetu, "Mgeni atatuongozaje?" Baba hakujibu neno; alimwongezea chai. Uchaguzi ulipofika alishindwa, nami nikaona haya, kana kwamba kutoka mbali ni kosa.

Muhula uliofuata mwalimu wetu wa Historia alitupeleka Butiama kuzuru makumbusho na kaburi la Mwalimu Nyerere. Huko alitueleza kwamba mwaka 1961 walikuwako wabunge waliotaka uraia utolewe kwa kutazama rangi ya mtu. Nyerere alikataa katakata, hata akawa tayari serikali yake ijiuzulu.

Kisha akatusimulia habari za Derek Bryceson, Mwingereza aliyezaliwa Uchina mwaka 1922. Katika Vita Kuu ya Pili alikuwa rubani; aliumia vibaya, na tangu hapo akatembea kwa mkongojo. Baada ya vita alilima Kenya, kisha Tanganyika. Akaungana na TANU, akawa Waziri wa Afya na baadaye wa Kilimo. Mwaka 1965 alishindana na Mwafrika huko Dar es Salaam, na wapiga kura, ambao wengi wao walikuwa Waafrika, wakamchagua kwa kura nyingi sana. Mwaka 1972 alikabidhiwa Hifadhi za Taifa, pamoja na Serengeti yetu, ambayo lango lake la Ndabaka liko karibu na Bunda. Alifariki mwaka 1980.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia baba hadithi hiyo. Akacheka, akasema, "Bwana huyo watu walimwona kazini, mwanangu. Nami nitasimama tena." Kisha akanituma sukari.

Mwakani nitatimiza umri wa kupiga kura. Basi wenzangu, tusimwulize mtu alikotoka kabla ya kumwuliza alichofanya. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mwanafunzi, Kidato cha Nne