Nusu Lita ya Maji

Katika Chunya maji hayachezewi. Mvua zikishakatika mwezi wa Aprili au Mei, hazirudi mpaka Novemba au Desemba, na kwa miezi hiyo yote ndoo ya maji hutunzwa kama akiba ya chakula. Dhahabu ya Lupa imewaleta watu huku tangu miaka ya 1920, lakini dhahabu hainyweki. Kwa hiyo ndugu msomaji ataelewa kwa nini mama mmoja, jirani yangu, alisimama penye ua wa shule Jumamosi moja akaniuliza, "Shikamoo mwalimu. Ni kweli mnawafundisha watoto kumwaga maji hewani?"

"Marahaba, mama. Karibu utazame kwanza."

Kazi yetu ilikuwa kuunda roketi ya chupa. Mwili wake ni chupa ya plastiki ya lita moja na nusu. Sharti iwe chupa ya soda, kwa kuwa hiyo imetengenezwa kuhimili msukumo wa gesi. Chupa nyembamba ya maji ya kunywa yaweza kupasuka. Mapezi matatu hukatwa katika boksi gumu. Kizibo tulikichonga katika kandambili kuukuu, tukakitoboa katikati na kupitisha valvu iliyotoka kwenye tyubu ya baiskeli. Maji yakishatiwa na kizibo kukazwa, chupa husimamishwa mdomo chini juu ya kichanja cha fito, na mtoto hupiga pampu akiwa mbali, kwa mpira mrefu. Wenzake hukaa nyuma ya mstari. Hewa ikizidi nguvu ya kizibo, chupa huondoka.

Inaondokaje? Hewa iliyobanwa huyasukuma maji chini, na maji nayo huisukuma chupa juu kwa nguvu iyo hiyo. Isaac Newton aliichapisha kanuni hii mwaka 1687. Kwenye daftari hukaririwa, ikasahauliwa mtihani ukiisha. Uwanjani watoto waliihoji. Chupa iliyojaa karibu yote ilijiinua kidogo ikaanguka, kwa sababu maji yalikuwa mzigo na hewa ilikosa nafasi. Chupa isiyo na maji iliruka kidogo tu, kwa kuwa hewa haikuwa na kitu kizito cha kusukuma. Chupa yenye theluthi ya maji, yaani nusu lita, ilipita kilele cha mwembe. Urefu waliupima kwa karatasi ya mraba iliyokunjwa kona kwa kona: anayeiona roketi kwa pembe ya nyuzi 45 huhesabu hatua zake mpaka kichanjani, akaongeza kimo cha macho yake.

Mama yule alitazama, akacheka, kisha akasema, "Watoto arobaini, nusu lita kila mmoja. Hiyo ni ndoo nzima, mwalimu."

Hesabu yake ilikuwa sahihi, nami nikairudisha kwa watoto. Msichana mmoja wa darasa la sita akasema kwamba maji hayaendi mbinguni. Karibu yote hubaki pale chupa ilipoondokea. Tangu siku hiyo kichanja kilihamishiwa kwenye mpapai wa shule, na maji yakawa yale yaliyokwisha kuoshea vyombo, yamechujwa kwa kitambaa. Mpapai ulinyweshwa, na mama hakulalamika tena.

Niliwaeleza pia kwamba tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, Kenya, roketi ilipeleka angani satelaiti ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, satelaiti ile iliitwa Uhuru. Roketi ile ilisukumwa na gesi ya moto badala ya maji, lakini kanuni ni moja.

Lakini ninayemkumbuka zaidi ni kijana aliyekuwa ameacha shule kwenda kufanya kazi kwenye karasha. Alisimama nje ya ua, mavumbi mpaka nyusi. Valvu yetu ilipovuja, aliingia bila kuitwa, akaizungushia ukanda wa tyubu, ikakaza. Kisha akauliza kwa nini mashine iliyowekwa juu ya duara hushindwa kuvuta maji yaliyo chini sana. Nikamwambia kwamba mashine haivuti. Huondoa hewa ndani ya bomba, na hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji yapande. Nguvu ya hewa hiyo ina mpaka, hata mita kumi haifiki. Alinyamaza kitambo, akasema, "Basi tulikuwa tunailaumu mashine bure."

Alikuja Jumamosi tatu zaidi, kisha akahamia machimbo mengine pamoja na mjomba wake. Siwezi kusema kwamba roketi ilimrudisha darasani.

Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, wengi tulilishika jembe. Waraka ule ulidai pia akili ya kudadisi, na hiyo haihitaji maabara ya gharama. Wewe mwalimu kijana, ukiwa na chupa, pampu na kandambili iliyokatika, anza. Na mtoto wa nje ya ua akikaribia, usimuulize sare yake iko wapi. Mpe pampu ashike.