Kinu cha Bariadi kilivyoniumbua kwa mama

Msomaji wangu, kama hujawahi kuaibika mbele ya mama yako mzazi, we acha tu!

Mwaka jana nilipanda basi Mwanza, tukapita Magu, tukakata kona Lamadi hadi Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu uliozaliwa mwaka 2012. Nilitumwa kitu kimoja tu: kinu. Cha mama kilikuwa kimetoboka kitako, na harusi ya dada ilikuwa mlangoni.

Nikapata kimoja cha mwembe, kizuri, kimechongwa wiki hiyohiyo. Mzee fundi akanionya: "Mjukuu wangu, hiki bado kina maji. Kiache kwanza." Mtoto wa mjini nikaona ananizungusha. Nikalipa, nikabeba.

Nyumbani nikakianika kwenye jua kali. Siku ya nne usiku, pa! Asubuhi tukakikuta kimepasuka toka mdomoni mpaka kiunoni. Mama alikitazama, kisha akanitazama mimi. Hakusema neno. Bora angenitukana.

Nikarudi Bariadi mkia katikati ya miguu. "Mwangaluka, babu." Mzee alicheka kidogo, akanikalisha chini ya mti.

Kumbe gogo huchongwa bichi kwa sababu tezo hupita kwa urahisi. Kazi huanza baada ya hapo. Maji hutoka haraka zaidi kule gogo lilikokatwa, yaani mdomoni na kitakoni, kuliko ubavuni. Nje hukauka na kusinyaa wakati ndani bado kumelowa. Nje inabana, ndani inagoma, basi mti unachanika. Na upepo wa kiangazi wa Simiyu, kati ya Juni na Septemba, hauna huruma.

Dawa yake? Mzee hupaka mdomo na kitako samadi mbichi ya ng'ombe, hukifunga kinu kwenye gunia, hukiweka kivulini ndani ya nyumba. Halafu hungoja miezi, si siku. Kila baada ya muda hukipima kwenye mizani ya duka la jirani. Uzito ukiacha kupungua, maji yamekwisha. Hapo ndipo hukilainisha na kukipaka mafuta.

Hata mafundi wanaokereza bakuli kwa mashine hufanya hivyo. Bakuli la upana wa sentimita 30 huachwa kwanza na unene wa kama sentimita 3, likauke taratibu likijipinda litakavyo, ndipo lirudishwe kwenye mashine kumaliziwa.

Nilimwomba mzee anichongee kingine, safari hii nikangoja. Hakikuwahi harusi. Siku ile akina mama walitwanga kwa kinu cha kuazima, na kila mtwango niliusikia kifuani.

Kilipofika, mama alikigonga kwa mchi mara moja, akasikiliza. "Hiki kimekauka," akasema. Jioni hiyo tulikula kisamvu.

Kile cha kwanza? Kuku wanatagia humo. Tukutane wiki ijayo!