Kivuli cha roshani Mji Mkongwe na miale ya gamma

ALASIRI katika mtaa wa Shangani, Mji Mkongwe, jua likiinama upande wa bahari, mbao zilizotobolewa nakshi kwenye roshani hutupa vivuli ukutani. Jua linavyoshuka, vivuli navyo vinahama. Mzazi anayetembea hapo na mtoto anaweza kumweleza jambo linaloonekana gumu: jinsi darubini zilizoko angani zinavyonasa mlipuko wa miale ya gamma.

Miale hiyo ni aina ya mwanga usioonekana kwa macho, wenye nguvu kuliko eksirei. Katika nyumba nyingi za Unguja, neno “mionzi” huja na habari za saratani, kwa kuwa wagonjwa huvuka bahari kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kupata tiba hiyo. Mionzi ikizidi huumiza mwili. Ikipimwa vizuri huua seli za saratani. Basi mtoto akiambiwa kuwa miale ya gamma inatoka pia angani, ni kawaida aulize kama itamdhuru.

Jibu ni hapana. Hewa inayoizunguka dunia huizuia kabla haijafika ardhini. Oktoba 9, 2022 ulionekana mlipuko mkali kuliko yote iliyowahi kurekodiwa. Ulitikisa tabaka la juu la hewa, lakini haukumdhuru mtu.

Kwa kuwa hewa inaizuia, wanaoitafuta hulazimika kupeleka vifaa juu yake. Mlipuko wa kwanza ulinaswa Julai 2, 1967 na satelaiti za Marekani ziitwazo Vela, zilizokuwa zikifuatilia kama kuna majaribio ya siri ya mabomu ya nyuklia. Leo inajulikana kuwa milipuko hiyo hutokea nyota kubwa inapoporomoka, au mabaki mawili mazito ya nyota yanapogongana. Mingine hudumu chini ya sekunde mbili.

Hapo ndipo kivuli cha roshani kinapoingia. Miale ya gamma haikusanywi kwa lenzi kama mwanga wa kawaida. Satelaiti ya Swift, iliyorushwa Novemba 20, 2004, ina bamba lenye maelfu ya vipande vya risasi vilivyopangwa kwa kuachiana nafasi. Mlipuko ukitokea, vipande hivyo hutupa kivuli kwenye vipimo vilivyo chini yake. Kompyuta husoma kivuli, ikajua mlipuko umetoka wapi, na satelaiti ikageuka yenyewe kuutazama.

Habari za Swift hazishukii mbali. Kituo cha Italia kilichoko Ngomeni, karibu na Malindi ya Kenya, wala si mtaa wa Malindi wa Unguja, ndicho kimekuwa kikizipokea. Desemba 12, 1970, kutoka jukwaa la baharini hapo Ngomeni, ilirushwa satelaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake, nayo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Unguja nayo ina historia yake. Kwenye barabara ya kwenda Jozani, mbele ya Fuoni, iko Tunguu, ambako leo ipo kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Hapo Tunguu, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Marekani ilikuwa na kituo kilichofuatilia vyombo vya anga vya mradi wa Mercury, ukiwemo ule wa John Glenn mwaka 1962. Kazi yake ilikuwa kupokea ishara na kuzungumza na mwanaanga, lakini watu wengi waliamini ni kambi ya maroketi, wakaandamana kukipinga. Baada ya Mapinduzi, kituo kilifungwa Aprili 1964.

Hofu hukua pale ambapo maelezo hayajafika, iwe ni ya kituo cha Tunguu au ya mashine ya mionzi hospitalini. Nyumbani, maelezo yanaweza kuanza kwa tochi ya simu, chujio la jikoni na ukuta mtupu. Taa zizimwe, chujio liwekwe mbele ya ukuta, na mtoto asogeze tochi huku na huku. Kisha afumbe macho, mzazi aihamishe tochi na kuificha nyuma ya khanga nyepesi, na mtoto akifumbua aseme, kwa kuangalia kivuli tu, mwanga unatoka wapi.