Mwalimu Mgeni Katika Mji wa Shaba

Wako vijana wengi katika nchi zetu waliojifunza ualimu, nao wamekaa nyumbani bila kazi. Vijana hao husikia kwamba ng'ambo ya mpaka hutafutwa walimu wa Kiingereza, wakaulizana: Je, kazi hiyo ikoje? Mshahara watosha? Mgeni hupokewaje? Mimi ni mtu wa Tabora, na huu ni mwaka wangu wa nne kufundisha Kiingereza Kolwezi, mji mkuu wa Jimbo la Lualaba katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Naona yafaa niwaeleze mambo ya kila siku kama yalivyo, bila kuyapamba wala kuyatia giza, ili atakaye kuja aje akijua, na atakaye kubaki abaki bila kinyongo.

MJI WENYEWE

Kolwezi si mji wa kale. Ulianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière kwa ajili ya machimbo ya magharibi ya Katanga. Mwaka 1967 serikali iliyatwaa machimbo hayo, na kampuni ya taifa iliyoyarithi ikajulikana baadaye kwa jina la Gécamines. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa, na Kolwezi ukawa makao makuu ya jimbo jipya. Lakini shaba yenyewe ina historia ndefu kuliko mji. Zamani, kabla ya makampuni, wenyeji waliiyeyusha na kuimimina katika kalibu zenye umbo la msalaba, na misalaba hiyo ilikuwa fedha ya kununulia na kulipia mahari. Siku hizi hutoka pia kobalti, itiwayo katika betri za simu na za magari ya umeme. Zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia hutoka Kongo.

Nalikuja kwa basi, nikapita Mbeya na Tunduma, nikavuka Zambia mpaka Kasumbalesa, kisha Lubumbashi. Toka Lubumbashi hadi Kolwezi ni mwendo wa kilometa 300 hivi, kwa njia ya Likasi na Fungurume. Njia hiyo hujaa malori yachukuayo shaba kwenda bandari ya Dar es Salaam, na madereva wake wengi ni wa kwetu. Kwa hiyo mtu wa Tanzania hana ukiwa mkubwa hapa. Hata sokoni husikia sauti ya nyumbani ikibishana bei ya samaki.

Wakati wa kiangazi vumbi jekundu hufunika majani, nguo, na hata chaki ubaoni. Mwezi Juni na Julai usiku ni baridi, maana mji uko juu sana. Ajaye asiache koti. Umeme hukatika mara kwa mara, ingawa mabwawa ya Nzilo na Nseke juu ya mto Lualaba hayako mbali. Ndiyo maana meza yangu ina taa ya mafuta na rundo la mishumaa.

KISWAHILI CHAO NA CHANGU

Wengi hudhani kwamba Mtanzania afikapo Kolwezi hana la kujifunza, kwa kuwa watu husema Kiswahili. Ni kweli husema, lakini husema chao. Sisi twasema "watu," wao husema "bantu." Ugali wao ni bukari, majani ya muhogo ni sombe, na fedha ni makuta, jina lililotoka katika sarafu ya Zaire ya mwaka 1967. Mtoto aendaye shuleni huenda "ku masomo." Siku yangu ya kwanza mama mwenye nyumba aliniuliza kama nimekula bukari, nami nikamwuliza ni mboga gani. Akacheka mpaka majirani wakaja.

Wako wageni wanaokidharau Kiswahili hiki, wakisema kimeharibika. Mimi sikubaliani nao. Lugha hii ina ukoo wake. Katika karne ya 19, Msiri, aliyetoka kwetu Unyamwezi, alikuja kufanya biashara ya shaba na pembe, akajenga enzi yake Bunkeya, ambako leo ni ndani ya Jimbo hili la Lualaba. Aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, lakini watu wake, Wayeke, wangalipo. Baadaye makampuni yalikusanya wafanyakazi wa makabila mengi, Waluba, Walunda, Wasanga, Wachokwe, na wengineo, nao walihitaji lugha moja ya kuelewana kazini na uani. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili hiki historia ya mji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi, kwa niaba ya watu waliokuwa watumishi wa nyumbani. Lugha iliyoweza kuandika historia ya wenyewe haistahili kuchekwa.

Tena kwa mwalimu kuna faida. Mwanafunzi akiona kwamba hucheki maneno ya mama yake, hataogopa kukosea maneno ya Kiingereza mbele yako.

DARASANI

Nafundisha katika sekondari ya Kikatoliki. Hapa shule nyingi za makanisa ni za serikali lakini huongozwa na makanisa, kwa mkataba uliofanywa mwaka 1977. Masomo yote ni kwa Kifaransa. Kiingereza ni somo moja tu, lenye vipindi vichache kwa juma. Wanafunzi huvaa shati jeupe na sketi au suruali ya buluu, na katika darasa langu kubwa wako 62. Vitabu havifiki 10. Basi huandika ubaoni, nao hunakili, na anayemaliza mapema humsaidia jirani yake.

Mtoto wa Kolwezi huingia darasani na lugha mbili au tatu kichwani. Ni utajiri, lakini wakati mwingine hutega mtego. Kwa Kiswahili twasema "nina miaka 15," na Kifaransa nacho husema hivyohivyo, kwamba mtu ana miaka. Kiingereza peke yake husema kwamba mtu "ni" miaka 15. Hivyo kila mwaka nasikia darasa zima likitangaza kwa sauti moja "I have fifteen years," nami nawaeleza kwamba Mwingereza hamiliki miaka yake. Kadhalika wakiona "library" hudhani ni duka la vitabu, kwa sababu "librairie" ya Kifaransa ni duka. Mwalimu asiyejua Kifaransa hata kidogo hataona kosa linakotoka, atabaki kukasirika tu.

Siku hizi hamu ya Kiingereza imezidi. Sababu ya kwanza ni machimbo, maana makampuni ya nje huandika kazi nyingi kwa Kiingereza. Sababu ya pili ni kwamba mwaka 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na vijana huniuliza habari za vyuo vya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala.

SWALI LA MAMA MMOJA

Mwaka jana kijana mmoja wa miaka 15, mwepesi kuliko wenzake, alianza kukosekana siku za Jumatatu. Kisha akakosekana na Jumanne. Wenzake walinyamaza, lakini viatu vyake vilisema, maana vilikuwa na udongo wa kijani wa machimboni. Sheria ya Kongo yakataza mtoto kufanya kazi ya machimbo. Njaa nyumbani haisomi sheria.

Nikaenda kwao jioni. Mama yake alinipa kiti, akaniletea maji, akanisikiliza mpaka mwisho. Ndipo aliposema: "Baba Mwalimu, wewe wasema akisoma atapata kazi. Kaka yake alisoma. Ana diploma ya Serikali, naye anachimba palepale. Huyu naye asome ili akachimbe na diploma?"

Wasomaji wapenzi, swali hilo si la mtu mjinga. Wazee wa mji huu wanakumbuka siku ambapo kampuni iliwapa wafanyakazi unga, shule na hospitali. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari, kila mmoja akapewa fedha mara moja, na fedha hizo ziliisha. Tangu hapo jamaa nyingi zimeishi kwa udongo.

Nikamjibu: "Mama, siwezi kukuahidi kazi, maana si mimi ninayeigawa. Lakini mtihani ukishindwa hurudiwa, na shimo likianguka halirudiwi." Akakaa kimya kitambo, akasema atazungumza na mumewe. Nami nikaenda kwa mkuu wa shule na kwa halmashauri ya wazazi, tukakubaliana alipe karo kidogo kidogo. Shangazi yake auzaye mikate akaahidi sehemu. Alhamisi kijana akarudi. Mpaka leo yumo darasani, lakini kila Jumatatu nisomapo majina, jicho langu hutangulia kwenye jina lake.

BANGO LILILOKUWA HALISOMWI

Jioni tatu kwa juma hufundisha watu wazima: mafundi umeme, madereva, makarani, na muuguzi mmoja. Niliwapa kazi moja, kwamba kila mtu aandike maneno yoyote ya Kiingereza ayaonayo kila siku kazini, ayalete. Mmoja alileta jina la sabuni, mwingine maneno ya kwenye mlango wa lori. Mtu mmoja wa makamo alileta mistari minne aliyoinakili nyuma ya pakiti ya sigara, kutoka kwenye bango lililo karibu na njia aipitayo yeye na wenzake kwenda kazini.

Nikaisoma mara mbili. Bango lilisema kwamba mahali pale hupasuliwa miamba kwa baruti, tena lilitaja saa ambazo mtu haruhusiwi kupita. Nikamwuliza amelijua kwa muda gani. Akasema, "Mwaka wa pili sasa. Nilidhani ni jina la kampuni."

Jioni ile hatukufuata kitabu. Tuliyaandika maneno yale ubaoni, tukayatafsiri kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili cha Kolwezi, na wanafunzi wakabishana sana mpaka wakapata maneno ambayo hata bibi mchuuzi angeyaelewa. Yule mtu aliyachukua akampelekea msimamizi wake, akaomba yaandikwe chini ya yale ya Kiingereza. Hakupewa jibu. Basi wao wenyewe wakafundishana, na sasa kundi lao lote lajua saa za kuikwepa njia ile.

Tangu siku hiyo nimeacha kusema kwamba Kiingereza ni ufunguo wa maendeleo. Neno la hatari yafaa liandikwe kwanza kwa lugha ya yule atakayeumia. Lakini maadamu dunia imekwisha kuandika mabango yake kwa lugha za mbali, tusiwaache watu wetu wapite chini yake kama vipofu.

MFUKO NA NYUMBA

Sasa nijibu habari ya mshahara. Ule wa shule hulipwa kwa franga za Kongo, na wakati mwingine huchelewa. Katika mwaka wangu wa pili ulichelewa miezi miwili. Masomo ya jioni hulipwa kwa dola, lakini jihadhari, maana noti ya dola iliyochanika hata kidogo haipokewi sokoni. Bei ya unga hufuata habari za Zambia: mahindi yakizuiwa mpakani, gunia hupanda. Nikilipa chumba, chakula na karatasi za ukaaji, hubaki fedha za kutuma nyumbani. Si nyingi, ila zimewalipia watoto wangu shule.

Lakini gharama iliyo kubwa haiandikwi katika daftari. Mke wangu na watoto wetu watatu wako Tabora. Saa ya Tabora iko mbele ya ile ya Kolwezi kwa saa moja, hivyo nilipokuwa nikipiga simu baada ya masomo ya jioni, watoto walikuwa wamelala. Mke wangu aliniambia, "Baba, wewe wafundisha watoto wa watu kusema Kiingereza, na wako wanasahau kusema nawe." Tangu hapo hupiga simu alfajiri, kabla hawajaenda shuleni. Mdogo hunisomea ukurasa mmoja kwa simu, nami humsahihisha gizani, sijawasha hata mshumaa. Tumeamua na mke wangu kwamba mwaka wa tano utakuwa wa mwisho, au tutahama wote. Mwaka wa sita wa namna hii hautakuwapo.

SHAURI KWA WANAOTAKA KUJA

Kwanza, kijana, jifunze Kifaransa cha kutosha kabla ya kuvuka mpaka, na uwe na akiba ya miezi mitatu, maana mshahara wa kwanza hauji upesi. Pili, soma mkataba wako wote, uliza vipindi ni vingapi, na ni nani atakayelipia karatasi za ukaaji na kazi. Tatu, ukiwa na mke na watoto, panga nao tarehe ya kurudi kabla hujapanda basi, na tarehe hiyo iandikwe. Nne, ukifika, ule bukari na sombe pamoja na wenyeji, ujifunze salamu zao na maneno yao, na usimsahihishe mtu mzima Kiswahili chake.

Nanyi wazazi wa Lualaba, mwalimu mgeni hawezi kuwazuia watoto wenu wasiende machimboni. Hana unga wa kuwagawia. Lakini mtoto akikosekana Jumatatu, mwacheni mwalimu apige hodi, na mpeni kiti.